Likizo ya mama daktari: Siku 28, usaili saba na homa ya mtoto

Kalenda ile bado imebandikwa nyuma ya mlango wa jikoni, katika nyumba ya kupanga huko Tabata, Dar es Salaam. Ni kalenda ya karatasi moja, ya bure, iliyotolewa na duka la vifaa vya ujenzi, na mwaka wake ulishapita. Hakuna anayeibandua. Kuanzia Oktoba hadi Desemba imechorwa kwa kalamu za rangi tatu. Nyekundu ni zamu za usiku za mama. Bluu ni zamu zake za mchana. Kijani ni siku ambazo mtoto wa nyumba hiyo alizipa jina mwenyewe: "siku za watu wa kompyuta."

Mama huyo ni daktari katika hospitali moja binafsi jijini. Mume wake ni mwalimu wa sekondari. Mtoto wao, wa kiume, alikuwa na miaka mitatu wakati habari hii inaanza, Septemba 2023, pale mama yake alipotuma maombi ya kwenda kusomea ubingwa wa magonjwa ya watoto nchini Marekani.

Wengi wakisikia hivyo hufikiria mitihani, na kweli mitihani ilikuwepo, tena migumu. Alisoma usiku kwa miaka miwili, akafanya, akafaulu. Lakini akiulizwa leo ni kitu gani kilikaribia kuivuruga nyumba yake, hasemi mitihani. Anasema ni ruhusa. Siku chache tu za kutokuwepo kazini, ambazo hakujua azitoe wapi wala amwambie nani.

Msimu wenye saa zake

Hospitali za Marekani hazichukui madaktari wa mafunzo ya ubingwa kama ajira za kawaida zinavyotangazwa. Maombi hutumwa kwa mtandao na huanza kusomwa mwishoni mwa Septemba. Usaili hufanyika zaidi kati ya Oktoba na Januari. Baada ya hapo kila mwombaji hupanga orodha ya hospitali anazozitaka, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na hospitali nazo hupanga orodha za waombaji wao. Kompyuta huzioanisha. Utaratibu huo ulianza mwaka 1952, na kanuni yake iliboreshwa miaka ya 1990 na mchumi Alvin Roth na mwenzake. Roth alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Lloyd Shapley. Majibu hutoka Machi, na kazi huanza Julai.

Zamani mwombaji alilazimika kupanda ndege na kuzunguka mji hadi mji. Tangu janga la korona mwaka 2020, usaili mwingi unafanyika kwa video. Kwa mtu wa Dar es Salaam hiyo ni nafuu kubwa: hakuna tiketi ya ndege, hakuna viza ya kwenda kuhojiwa. Lakini nafuu hiyo ina upande wa pili. Anayesafiri huomba mwezi mzima, akaaga, akaondoka. Anayehojiwa kwa video yupo mjini, anaonekana, simu yake inapatikana, na siku anazozihitaji hazifuatani. Ni Jumanne hii, Alhamisi ya wiki ijayo, Jumatatu ya wiki ya tatu.

Kuna na suala la saa. Saa mbili asubuhi ya New York ni saa tisa alasiri ya Dar es Salaam mwezi Oktoba. Ikipita Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani hurudisha saa zao nyuma, na saa mbili ile ile inakuwa saa kumi jioni kwetu. Ya Texas ni saa kumi na moja. Ya California ni saa moja usiku. Mbaya zaidi ni vikao vya kufahamiana na madaktari wanaosoma pale, ambavyo hospitali nyingi huviweka jioni kabla ya usaili. Saa kumi na mbili jioni ya New York mwezi Novemba ni saa nane usiku Tabata. Kwa hiyo usaili mmoja haukuwa saa tatu za mazungumzo. Ulikuwa usiku mmoja bila usingizi, asubuhi ya wodini, na alasiri ya kukimbizana na foleni ya barabara ili kufika nyumbani kabla kamera haijawashwa.

Siku zilikuwepo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Mwajiri wake alikuwa amekubali azigawe mara mbili. Kumi na nne alizitumia Julai, alipokwenda Muheza kwenye harusi ya kaka yake. Kumi na nne zilizobaki zilikuwa za Desemba, nazo zilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni mama yake mzazi. Kila Desemba binti huenda Muheza na mjukuu. Bibi huanza kuhesabu tangu Ramadhani iishe. Hukamata kuku wawili na kuwatenga, hutafuta mchele mpya, huwaambia majirani. Kwa bibi, safari ile ilikuwa zaidi ya matembezi. Mume wake alifariki, kaka mkubwa yuko Mwanza, na huyu binti ndiye mtoto pekee wa kike.

Na bibi alikuwa hajaambiwa chochote kuhusu Marekani.

Binti alikuwa amejipangia kwamba akipata atasema, akikosa hakutakuwa na haja. Kazini nako hakusema. Barua za kumpendekeza aliomba kwa walimu wake wa chuo, makusudi, ili mkuu wake wa idara asijue. Aliogopa kwamba mtu akishajulikana anataka kuondoka, hupangiwa zamu mbaya na husahaulika kwenye mafunzo. Hivyo akaingia kwenye msimu wa usaili akiwa na mialiko mitano, siku kumi na nne ambazo hakutaka kuzigusa, na mume mmoja aliyepewa nenosiri la barua pepe.

Kazi ya mume ilikuwa kulinda simu. Mialiko ikifika huja na tarehe za kuchagua, na tarehe nzuri huisha ndani ya dakika chache. Daktari akiwa wodini hawezi kuchungulia simu. Basi mwalimu, akiwa ofisi ya walimu na rundo la madaftari, ndiye aliyekuwa akichagua. Alichagua haraka. Rosta ya zamu hakuwa nayo.

Homa ya uongo

Usaili wa kwanza uliangukia siku ya zamu ya mchana, mwishoni mwa Oktoba. Hakukuwa na wa kubadilishana naye. Asubuhi ile alimpigia mkuu wa idara, akasema neno lililomjia kwanza mdomoni: mtoto ana homa.

Alipewa ruhusa bila maswali. Kwa kweli si huruma tu. Sheria ile ile ya kazi inatoa siku zisizopungua nne zenye malipo kwa mfanyakazi aliyeuguliwa na mtoto. Kwa hiyo siku aliyoitumia kwa usaili haikutoka kwenye likizo yake wala kwenye fungu la hospitali. Ilitoka kwenye fungu la mtoto.

Kesho yake muuguzi mkuu wa wodi, mama mtu mzima anayewaita madaktari vijana "wanangu," alimsubiri mlangoni. "Mjukuu wangu anaendeleaje?" Daktari akajibu kwamba homa imeshuka. Mama yule akatoa mfuko wa machungwa na pakiti ya biskuti. "Mpelekee. Mwambie bibi wa wodini amempa pole." Jioni mtoto alikula biskuti zile kwa furaha, akiwa mzima kabisa, na mama yake akaingia chumbani akafunga mlango.

Usaili wa pili alibadilishana zamu na mwenzake, lakini mume alikosea hesabu. Hakujua kwamba saa za Marekani zilikuwa zimerudi nyuma wiki ile. Mke alitoka kazini mbio, akakaa mbele ya kompyuta saa nzima akiangalia sura yake mwenyewe kwenye kioo. Walicheka baadaye. Siku ile hawakucheka.

Wa tatu, katikati ya Novemba, alirudia uongo ule ule. Homa tena. Safari hii mkuu wa idara alinyamaza kidogo kwenye simu. "Daktari," akasema, "mtoto huyu apimwe vizuri. Ukirudi njoo na cheti chake, tukiangalie pamoja." Alisema kwa upole, na pengine kwa nia njema kabisa. Lakini tangu hapo daktari alijua kwamba neno "homa" halimo tena mfukoni mwake.

Homa ya kweli

Ilikuja wiki ya mwisho ya Novemba, siku ya usaili wa nne. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, ule mwaka wa El Nino, na umeme wa mgao ulikuwa umekatika. Saa kumi alfajiri mtoto aliamka akilia, mwili unachoma. Mama alimpima: nyuzi 39 na nusu.

Usaili ulikuwa saa kumi na moja jioni, na kwa siku ile alikuwa amepanga na mwenzake amshikie wodi kuanzia saa nane mchana. Asubuhi ilikuwa yake. Angeweza kupiga simu. Alishika simu, akaliangalia jina la mkuu wa idara kwenye kioo, akaiweka chini. Angesema nini? Mtoto ana homa?

Alikwenda kazini.

Mume aliomba ruhusa shuleni, akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga kama mama, akapanda bajaji hadi kwenye kituo cha afya. Walikaa kwenye benchi. Wakati huo huo mama yake, kilomita chache tu kutoka pale, alikuwa akipita kitanda hadi kitanda, akiwauliza kina mama wengine homa ilianza lini, anakula, anatapika, amekojoa mara ngapi. Aliwajibu kwa utulivu. Aliandika dawa. Saa nne na nusu mume akatuma ujumbe: malaria. Amepewa dawa mseto. Ameitapika. Amepewa tena.

Baadaye, akimsimulia mume wake, alisema jambo ambalo mume huyo hajalisahau. Alisema siku ile ndiyo alielewa kwamba uongo haukumdanganya mkuu wa idara peke yake. Ulikuwa umetumia mapema kitu ambacho mtoto angekihitaji. Mtoto aliugua kweli siku moja tu, na siku hiyo mama yake hakuwa na neno la kuombea ruhusa.

Usaili ulifanyika kwenye chumba cha jirani mwenye betri ya sola. Mtoto alilala kwa baba yake, upande wa pili wa ukuta. Kabla hawajaanza, daktari aliwaambia wasaili ukweli: nina mtoto mgonjwa chumba cha pili, ana malaria, ameanza dawa, nikiitwa nitanyanyuka. Mmoja akauliza umri wake, mwingine akauliza alitapika dawa baada ya dakika ngapi. Kisha wakaendelea na maswali yao. Hakuitwa. Hadi leo hajui kama maneno yale yalimwongezea alama au yalimpunguzia.

Usiku ule homa ilishuka saa saba. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama nje ya ofisi ya mkuu wa idara.

"Ningejua Septemba"

Alisema yote. Mialiko mitano, homa mbili za uongo, moja ya kweli. Alitegemea kufokewa kwa ajili ya Marekani. Mzee yule hakuigusa Marekani hata kidogo kwanza. Alifungua droo, akatoa rosta.

"Ningejua Septemba," alisema, "siku tano zisingenishinda. Wodi ina madaktari sita. Watatu ni Wakristo, wanataka Krismasi na Mwaka Mpya. Wewe ni Mwislamu, unataka Idi. Hapo kuna biashara. Lakini wewe umenifanya nipange wodi kwa kubahatisha, na siku zile mbili kuna mtu alifanya kazi ya watu wawili. Huyo unamdai radhi kuliko mimi."

Kisha akauliza swali ambalo hakulitegemea: "Si una siku kumi na nne za Desemba? Kwa nini hukuzileta hapa Novemba?"

Daktari alinyamaza. Jibu lilikuwa Muheza. Alimdanganya bosi wake kwa sababu siku halali alizokuwa nazo alikuwa amemwekea mama yake, na hakuweza kumwomba mama yake azirudishe bila kumweleza ni za nini. Mzigo aliouficha nyumbani ndio uliomtoa jasho kazini.

Mkuu wa idara alimwambia pia lililomuuma. Alishaandika barua za kuwapendekeza vijana watatu kwenda nje. Wote waliondoka. Mmoja amerudi. "Sikuzuii," alisema. "Ila usiondoke kama mtu anayetoroka deni." Akamruhusu kusogeza sehemu ya likizo kwa ajili ya usaili uliobaki. Krismasi yote, kuanzia mkesha hadi tarehe 26, akampangia wodini. Hakupinga. Na wiki ile ile alimtafuta muuguzi mkuu. Mama yule alimsikiliza, akatikisa kichwa. "Biskuti nimesamehe," alisema. "Mtoto usimwite mgonjwa tena. Maneno huumba."

Simu ya Muheza

Kumpigia mama yake kulimchukua siku tatu. Alianza kwa shikamoo, akauliza mvua, akauliza kuku, akauliza mguu unaouma. Mama alivumilia, mwishowe akasema: "Mwanangu, sema. Hujanipigia kuniuliza kuku."

Akasema. Kimya kikawa kirefu hadi akadhani salio limekwisha.

"Miaka mingapi?"

"Mitatu, mama."

"Na mtoto?"

"Tutakwenda naye. Na baba yake. Viza ya aina ile inaruhusu mume na watoto."

"Kwa hiyo Desemba hamji."

"Hatuji, mama. Nisamehe."

Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Wiki mbili baadaye alishuka kwenye basi akiwa na kiroba cha machungwa, nazi sita na kuku mmoja hai kwenye kapu. "Mimi nilikuwa nawasubiri ninyi, sikuwa nasubiri tarehe," alisema. "Ungeniambia mapema, ningekuja tangu Oktoba nikakaa na mtoto. Nani kakwambia mimi ni wa kutembelewa tu?"

Machi 2024, siku za kuingia Ramadhani, ujumbe ulikuja: hakupata nafasi. Haikuwa adhabu ya uongo wake. Katika miaka ya karibuni, kati ya madaktari kumi waliosoma nje ya Marekani na wasio raia wake, wanaopata nafasi ni kama sita. Yeye aliangukia kwa wale wanne. Alilia siku mbili. Siku ya tatu mume alileta kalenda mpya, ile ya duka la vifaa vya ujenzi, akaibandika nyuma ya mlango wa jikoni.

Msimu wa pili

Mara hii walianza na watu kabla ya tarehe. Aprili, baada ya Idi, bibi aliulizwa: je, utaweza kuja Oktoba hadi katikati ya Desemba? Akaweka sharti moja, kwamba arudi Muheza machungwa yakianza kununuliwa kwa bei nzuri. Likaandikwa.

Julai daktari alimwona mkuu wa idara. Aliomba barua ya kumpendekeza, na akaipata. Aliomba pia likizo yake yote 28 isiguswe hadi Oktoba, kisha igawanywe kwa makubaliano ya maandishi: siku kumi mfululizo mwezi Novemba, ambako mialiko hujazana, na zilizobaki zikatwe vipande viwili. Kwa upande wake alijitolea mapema zamu za Krismasi na Mwaka Mpya. Wiki ya Krismasi hospitali nyingi za kule hazifanyi usaili, kwa hiyo hakupoteza kitu, na wenzake watatu walipata walichokitaka. Hakuna aliyeona amefanyiwa hisani. Ilikuwa biashara, kama mzee alivyosema.

Nyumbani rosta ilihamia kwenye kalenda. Mume hakuchagua tena tarehe kwa kubahatisha. Mwaliko ukifika, aliangalia ukutani kwanza: si siku ya nyekundu, si kesho yake baada ya nyekundu. Daktari aliyekesha hawezi kuhojiwa jioni yake akaeleweka. Pembeni mwa kila kijani aliandika saa mbili, ya kwao na ya kwetu, na tarehe 3 Novemba 2024 akaizungushia duara na kuandika: SAA ZINARUDI. Kwa vikao vile vya saa nane usiku walikubaliana kwamba hataamka kwa kila hospitali, bali kwa zile tu alizozipenda kwa dhati.

Ilikuja mialiko saba. Miwili iligongana na zamu, na yote miwili aliandika barua pepe fupi kuomba tarehe nyingine, akieleza sababu. Hospitali moja ilimpa. Nyingine ilisema haina nafasi, akaiacha ipite. Mwaka uliotangulia angetafuta mtu wa kumuugua.

Mtoto, sasa wa miaka minne, naye aliingizwa kwenye mpango. Aliambiwa kwamba siku za kijani mama anaongea na watu wa kompyuta na mlango hufungwa, na kwamba mlango ukifunguliwa watakwenda pamoja kununua mahindi ya kuchoma. Asubuhi alikuwa akikimbilia jikoni kuangalia rangi. Siku moja, mama yake akiwa ametoka zamu ya usiku, alimkuta amesimama mbele ya kalenda na kalamu ya kijani mkononi. Alikuwa amepaka Jumapili nzima.

"Hii ni ya nani?" mama akauliza.

"Yangu. Uongee na mimi."

Wazazi wake hawakuifuta. Tangu siku ile kila mwezi ulikuwa na kijani moja ya mtoto, na daktari anakiri kwamba ndiyo pekee ambayo hakuwahi kuiomba ruhusa kwa mtu, na ndiyo ambayo angeisahau kwanza.

Saa moja usiku

Ijumaa ya tarehe 21 Machi 2025 ilikuwa ndani ya Ramadhani. Jumatatu ya wiki ile alishajua kwamba amepata nafasi. Kilichobaki kilikuwa wapi. Majibu ya pili yalitoka saa sita mchana ya mashariki ya Marekani, na Wamarekani walikuwa wameshasogeza saa zao mbele, kwa hiyo kwa Dar es Salaam ilikuwa saa moja usiku. Futari ilikuwa mezani. Bibi alikuwa amekuja tena, na uji wa pilipili manga ulikuwa bado unafuka.

Ilikuwa ile hospitali iliyompa tarehe nyingine.

Mume alishangilia. Mtoto alishangilia kwa sababu baba ameshangilia. Bibi alisema alhamdulillahi, akaendelea kukata tambi, na baada ya muda akauliza, bila kuinua kichwa, huko Desemba kuna baridi kiasi gani.

Safari yenyewe ilidai mpango mwingine. Daktari wa kigeni anayekwenda kwa viza ya mafunzo huhitaji barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yake inayothibitisha kwamba taifa linahitaji utaalamu huo, na akimaliza hutakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili. Wengine hulalamikia sharti hilo. Yeye alilichukua, akampelekea mkuu wa idara nakala. Mzee aliisoma, akaiweka kwenye droo ile ya rosta.

Nyumba ya Tabata haikurudishwa kwa mwenye nyumba. Mdogo wa mume anaishi humo sasa. Alipotaka kupaka rangi jikoni, aliuliza kwa simu kama aitoe kalenda ya zamani. Upande wa pili wa simu, ambako ilikuwa bado asubuhi, sauti ya mtoto ilijibu kabla ya wazazi wake.

"Usiitoe. Kuna siku yangu hapo."